Siku ya Kubatiza Injini

Mtu akikuambia hajawahi kununua oili kwa Mama Abigaël, muulize kwanza kama ana gari. Meza yake ilikuwa pale barabara ya Moba inapoanza kuuacha mji wa Kalemie, hatua chache tu kutoka kituo cha magari, na juu yake zilipangwa chupa za maji zilizojaa mafuta meusi mazito. Watu wa pale wanayaita huile, injini kwao ni moteri, ugali ni bukari, na ndiyo ni njo, basi ukisikia maneno hayo usishangae. Madereva wa Mpala, wa Moba na wa Kirungu walitua hapo kabla ya kuondoka. Jina lake hasa ni Syntiche, lakini tangu binti yake Abigaël azaliwe hakuna aliyelitumia isipokuwa mchungaji wake.

Biashara yake haikuhitaji maneno mengi. Dereva alichukua chupa, akaiinamisha, akatazama mafuta yanavyoshuka. Yakishuka polepole, sura yake ilichangamka. "Hii njo huile! Nzito! Hii inapanda mulima na mizigo yake!" Hapo Syntiche naye alicheka, akafungua kizibo, akamimina. Na kama kuna aliyesitasita, wenzake walimwonyesha pikapu nyeupe ya mumewe, Rubens, ambayo kila juma ilipanda milima ya Marungu na kushuka na maharage kutoka Kirungu: magunia chini, watu juu ya magunia, kuku juu ya watu. "Bwana yake mwenyewe anatumia hiyo hiyo," walisema. "Unataka ushahidi gani?"

Sasa pikapu hiyo ilikuwa imekufa. Ilianza kugonga kwenye kona ya mwisho kabla ya Kirungu, ikatoa moshi, ikanyamaza, na Rubens alirudi Kalemie akiwa amekaa ndani ya gari lake mwenyewe linalovutwa kwa kamba. Waliuza kiwanja chao, kile walichotaka kujengea, wakanunua injini iliyotumika iliyovuka ziwa kutoka Kigoma. Fundi Cyprien aliifunga, akaijaribu kwa oili ya kuoshea, akaimwaga oili hiyo. Ilibaki kubatizwa tu. Injini hii nayo ikifa, hawakuwa na kiwanja kingine cha kuuza, wala Rubens hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Ubatizo huo ni wa madereva wenyewe; hauko katika kitabu cha kanisa lolote. Gari husukumwa na madereva wengine kutoka gereji mpaka kituoni, wanaimba, na mke wa dereva humimina oili ya kwanza mbele ya watu wote. Faneli, ambayo ni shingo ya chupa iliyokatwa, hushikwa na mwenzao ambaye kazi zake zimesimama, ili baraka zimpitie mkononi. Kisha watu hula mandazi, injini huwashwa, na safari huanza. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi.

*

Alhamisi asubuhi Syntiche aliinama kutafuta kitenge chake kizuri chini ya kitanda. Mkono wake ukagusa plastiki ngumu. Alivuta, ikatoka bidoni, dumu la plastiki, ya manjano, ya dukani, kizibo chake bado kimefungwa kwa pete. Nyuma yake ilikuwepo ya pili, ndogo zaidi. Na nyuma ya hiyo, zimeegemezwa ukutani vizuri, chupa zake tano tupu, zimeoshwa zikakauka.

Alikaa sakafuni. Chupa zake alizijua. Moja ilikuwa na alama ya kisu aliyoitia mwenyewe. Kuna mambo mtu huyaelewa kabla hajataka. Rubens aliporudi mchana kula, alizikuta bidoni zote mbili juu ya meza, mahali pa sahani.

"Papa Abigaël, hii ni nini?"

Rubens alitazama bidoni, akatazama mlango.

"Ni huile."

"Naona ni huile. Miaka sita nauza huile. Nakuuliza inafanya nini chini ya kitanda changu, pamoja na chupa zangu."

"Mama, tukule kwanza."

"Hakuna chakula. Sema."

Rubens alivuta kiti, akakaa upande. Ni mtu mpole, sauti yake hupanda tu anapoita abiria. "Cyprien alifungua ile moteri ya zamani," alisema. "Ndani ilikuwa uchafu mutupu, kama bukari yenye imeungua chini ya sufuria. Akasema, hii ni huile. Nikamwomba asiambie muntu."

"Lini?"

"Siku tatu baada ya kuvutwa."

"Juma la tatu hili! Unaniona kila asubuhi nabeba chupa, naenda, narudi, unaniambia kazi muzuri. Juu ya nini ulinificha?"

"Ningesema nini? Gari imekufa, tunakula kwa meza yako. Nikisema, na meza inakufa." Aliinua macho. "Sikiliza. Jumamosi utamimina kwa chupa zako. Watu wataona chupa zako, njo zile zile. Lakini ndani itakuwa hii ya duka. Moteri itakunywa muzuri, na jina lako halitaguswa. Hakuna muntu anapata hasara."

Syntiche alikaribia kukubali. Tusimfiche. Kwa dakika nzima aliuona mpango huo kuwa mzuri, na aliona hata huruma kwa mumewe aliyeosha chupa kwa siri kama mwanamke mwenye mgeni. Kisha akawaza jambo dogo.

"Na rangi? Ya kwangu nyeusi. Hii itakuwa kama chai. Wale watu hawana macho?"

"Nilishafikiri," Rubens alisema haraka, kidogo akijivunia. "Nitachanganya kidogo ya kwako. Kidogo tu, kwa rangi."

"Utatia uchafu kwa moteri mupya, ile tumeuzia kiwanja, kusudi mimi nisipate haya?"

"Kidogo tu, Mama."

"Na wale wanaonunua kwangu kila siku? Wao utawachanganyia nini?"

Rubens alisimama. Alichukua bidoni, akazirudisha chini ya kitanda taratibu. Alipotoka nje alisema, bila kugeuka, "Wale ni watu wazima. Wanachagua wenyewe." Chakula kilikuwepo, kwenye sufuria jikoni, lakini siku hiyo hakuna aliyekigusa.

*

Syntiche hakwenda mezani mchana ule. Alikwenda gereji. Cyprien alipomwona alijifanya anatafuta spana.

"Nionyeshe ile moteri," alisema Syntiche.

"Mama Abigaël, mambo ya moteri si ya—"

"Cyprien. Nionyeshe."

Injini ya zamani ilikuwa nyuma, juu ya tairi, imefunuliwa tumbo. Cyprien alikwangua kwa bisibisi, akampaka uchafu huo kidoleni. Syntiche alisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa nene, na ndani yake mlikuwa na chembe ndogo zinazokwaruza. Aliinusa. Harufu ya kuungua, na chini yake kitu kichachu. Harufu hiyo haikuwa ngeni kwake. Kila Jumanne, pipa likiletwa kutoka kwa Emile mwenye depo ya mafuta, yeye alichuja mafuta nyuma ya nyumba kwa kitambaa cha kitenge kuukuu. Kitambaa kilibaki na mchanga mweusi, naye alikichoma haraka kabla majirani hawajaona. Miaka sita anachoma vitambaa, na hajawahi hata siku moja kujiuliza kwa nini anaharakisha.

"Lakini ilikuwa nzito," alisema, kama anayejitetea mbele ya mchungaji. "Wote wanapenda ile nzito. Nguvu si ile?"

"Nzito ni nzito tu, Mama." Cyprien alifuta mikono, na sasa kwa kuwa jambo lilikuwa wazi, alianza kusema kwa utulivu wa mtu anayependa kazi yake. "Ile bidoni bwana yako amenunua imeandikwa namba mbili. Kumi na tano, na mbele yake arobaini. Ile kumi na tano njo ya asubuhi. Kirungu asubuhi ni baridi, watu wanavaa makoti. Huile nzito inalala chini kama bukari ya jana. Shofere anawasha, moteri inazunguka kavu, chuma kwa chuma, mpaka ile huile iamke ipande. Kila siku hivyo. Ile arobaini njo ya jua, ya kupanda na magunia: moto ukizidi, huile isigeuke maji. Gari ya hapa mujini inaweza kuvumilia mambo mengi. Gari ya Marungu haivumilii."

"Na ya kwangu?"

Cyprien alitazama chini. "Ya kwako, samahani, si nzito juu ya kutengenezwa hivyo. Ni nzito kwa sababu imechoka. Ilishafanya kazi kwa jenereta fulani, ikamwagwa, ikachujwa, ikaongezwa mupya kidogo."

"Rubens anataka kuchanganya kidogo. Kwa rangi."

"Kwa rangi!" Cyprien alicheka, halafu akaona uso wake, akaacha. "Hata kijiko, Mama. Mimi ningekuwa wewe, hata kijiko nisingetia."

Njiani kurudi, Syntiche alipita depo kwa Emile. Hakutaka ugomvi, alitaka kusikia tu. Emile alikuwa amekaa kivulini, anakula karanga, na hata hakusimama. "Mama, kwa bei ile ninayokupa, wewe ulifikiri ni mupya?" alimwuliza, kwa mshangao wa kweli. Vibarua wawili waliokuwa wanaviringisha mapipa walicheka. Syntiche aliaga kwa heshima kama siku zote, akaondoka na uso unaowaka.

Lakini mtu aliyemkaa moyoni njia nzima hakuwa Emile. Alikuwa Elysée. Elysée alikuwa dereva wa barabara ile ile, mteja wake tangu mwanzo, anamwita dada. Mwezi wa pili injini yake ilikufa mlimani, naye akaiuza kama chuma chakavu. Tangu hapo anabeba magunia bandarini, na umri wake si wa magunia. Syntiche alimpelekea mkewe, Arlette, kuku wa kumfariji. Arlette alimshukuru sana. Wanaimba kwaya moja, safu moja. Na Jumamosi, atakayeshika faneli ni huyo Elysée.

*

Jumamosi alfajiri Rubens alikwenda gereji kupangusa gari. Alikusudia kurudi kabla ya saa mbili kuchanganya mafuta. Aliporudi, chini ya kitanda mlikuwa na chupa tano tupu, basi.

Syntiche alikuwa ameshafika kituoni, bidoni kubwa kichwani, ndogo mkononi, zote zimefungwa katika kitenge kama vitu vya sherehe. Hakwenda mezani kwake. Alisimama pale gari litakapowekwa, akangoja. 

Walikuja wakiimba. Pikapu ilikuwa imeoshwa mpaka ikawa kama ya mtu mwingine. Nyuma yake madereva kumi na wawili wanasukuma, wanataniana, jasho linawatoka. Rubens alikuwa kwenye usukani. Alipomwona mkewe amesimama na lile furushi, alielewa, akaacha kuimba. Elysée alikuja wa mwisho, na shati lake la bandarini lililochanika begani, faneli mkononi. Alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya siku hiyo.

"Mama Abigaël, chupa ziko wapi?" mmoja aliuliza. "Moteri iko na kiu!"

Syntiche alifungua kitenge. Bidoni za manjano zilitokea, pete zake bado nzima. Kwanza walicheka, wakidhani ni mzaha. "Ah! Meza imehamia dukani!" Kisha wakaona hacheki.

"Chupa ziko mezani," alisema. "Hazitakuja hapa leo. Na kama munasafiri kwenda Marungu, musizichukue tena." Sauti ilikuwa ndogo, akaikaza. "Ile huile ninauza ni ya zamani, inachujwa. Ilishafanya kazi. Njo iliua moteri ya bwana yangu. Cyprien ameona, na mimi nimeshika kwa mikono yangu. Sikuja kuwahubiria. Ninasema tu kusudi mujue."

Muuza mandazi aliweka beseni chini. Mtu fulani alisema "Yesu wangu." Mwingine alianza kuhesabu safari zake kwa vidole. Rubens alibaki kwenye usukani, anatazama mbele, kama yuko barabarani tayari.

"Na ya kwangu?"

Ni Elysée aliyesema. Hakupandisha sauti. Syntiche alijua mlango wa kutokea ulikuwepo. Injini ya Elysée haikufunguliwa na fundi yeyote. Iliuzwa kwa kilo, imeyeyushwa, hakuna awezaye kutia kidole ndani yake leo. Angeweza kusema, ya kwako sijui, ndugu yangu, Mungu njo anajua. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Ulinunua kwangu siku ile ya mvua, mbele ya safari yako ya mwisho," alisema. "Nilikuwa nakumiminia, nikasikia harufu. Kama ya kuungua. Ulikuwa unanisimulia habari za watoto. Nikafunga chupa, nikakupa."

Elysée aliipangusa faneli kwa shati lake. Kisha akasogea, akapachika faneli mahali pake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimina," alisema.

Syntiche alikata pete, akamimina. Oili ilishuka nyepesi, safi, ya rangi ya chai, haraka kuliko walivyozoea, na madereva waliinama kuitazama kwa mashaka. Hakuna aliyeimba. Bidoni ya kwanza ilikwisha, kisha nusu ya pili. Cyprien alipima, akaitikia kwa kichwa. Rubens akawasha. Injini ilikamata, ikatulia, ikabaki inanguruma kwa sauti laini, na katika hali nyingine watu wangepiga makofi.

Mandazi yalibaki kwenye beseni. Wakati abiria wanapanda, Rubens alishuka akaja karibu na mkewe, akasema chini kwa chini, "Umetuvua nguo barabarani."

"Nguo tutapata," alisema Syntiche. "Moteri hatupati ingine." Lakini macho yake yalikuwa yamejaa, na Rubens aliona, akageukia gari.

Elysée alikuwa amefungua mlango wa mbele, amekaa. Rubens alimwuliza anakwenda wapi.

"Kirungu."

"Kufanya nini? Huna muzigo."

"Kusikiliza," alisema Elysée, akafunga mlango.

*

Jumapili Arlette alihama safu kwenye kwaya. Jumatatu Syntiche alibeba chupa zake zote, akazirudisha kwa Emile. Emile alizikataa kwanza, akaona afadhali azipokee kuliko mwanamke huyu kusimama mbele ya depo anazungumza. Jumanne meza ilikuwa tupu, ila bidoni ndogo yenye nusu iliyobaki. Aliiuza kwa kipimo cha glasi, lakini vijana wa pikipiki waliuliza bei, wakashtuka, wakavuka barabara. Ng'ambo ile mama mwingine alikuwa ameweka meza mpya, na chupa za maji zenye mafuta mazito kutoka kwa Emile huyo huyo. Syntiche aliwatazama madereva wawili wa Moba, waliokuwepo Jumamosi, wakiinamisha chupa, wakitazama mafuta yanavyoshuka. Mmoja wao alimpungia mkono kwa haya kidogo, akanunua.

Abigaël, ambaye ana miaka kumi na moja, alitoka shule akamkuta mama yake amekaa hivyo. "Mama, wanasema wewe njo ulisema mwenyewe. Hakuna muntu alikukamata."

"Njo hivyo."

"Sasa kwa nini ulisema?"

Syntiche alikaza kizibo cha bidoni ndogo. Alimwambia aende nyumbani apike.

Alhamisi mchana pikapu ilirudi. Alisikia kabla ya kuiona, na alisimama bila kujua kwamba amesimama. Ilikuja na magunia yake, watu wake, kuku wake, ikaingia kituoni bila moshi. Rubens alimwinulia mkono kutoka dirishani. Haukuwa mkono wa mtu aliyesamehe kila kitu, lakini aliuinua. Elysée alishuka upande wa pili, akajinyoosha mgongo, akavuka moja kwa moja mpaka mezani.

Syntiche alingoja. Tangu Jumamosi alikuwa anajiandaa kwa maneno ya Elysée. Alikuwa ameyapanga yote, hata matusi ya kumtaja mama yake mzazi, na alikuwa tayari kuyapokea.

"Tulilala Kirungu," alisema Elysée. "Asubuhi baridi ilikuwa kali, hata maji ya kunawa yanauma mikono. Nikasimama nje. Papa Abigaël akawasha."

"Eeh?"

"Iliwaka mara moja." Alitazama meza tupu, kisha akatazama mikono yake. "Mara moja, Mama. Siku ya pili vile vile. Ya kwangu ilikuwa inalia kwanza. Kila asubuhi inalia, inalia, mimi nakaa ndani naisemesha, nadhani njo tabia yake."

Alitoa faneli mfukoni mwa koti, ile ile ya Jumamosi, akaiweka mezani mbele yake. Syntiche alitamani amtukane. Elysée hakumtukana. Alivuta kofia yake, akashuka njia ya bandarini, maana meli ya Kigoma ilikuwa imeshafunga gatini na wabebaji walikuwa wanaanza kuitwa majina.